Utani Wangu Ng'ambo ya Ruvuma

Tangu nirudi nyumbani Bombambili, Songea, kila ninayekutana naye ananiuliza maneno yaleyale: kambi ilikuwaje, watoto walikijua Kiingereza, na mbona mwalimu mzima amerudi na malengelenge viganjani? Nimejibu kipande kipande, dukani, kanisani, juu ya bodaboda, mpaka naona nimesimulia safari tatu zisizofanana. Heri niiandike yote mara moja. Habari za vibali na mihuri nitaziruka, maana zinachosha hata kuzikumbuka.

Aliyetuita ni Lusia, mwalimu wa Lichinga, Msumbiji. Alizaliwa hapa kwetu Muhukuru, wazazi wake walipokuwa wakimbizi, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha Songea kabisa. Kila Desemba yeye na wenzake huendesha kambi ya Kiingereza ya siku kumi kwa watoto wa vijijini waliomaliza shule ya msingi. Hakuna anayelipwa. Kule masomo ni kwa Kireno, na Kiingereza huwasubiri sekondari. Mtoto wa kijijini hukutana nacho akiwa hajawahi kukisikia, akabaki nyuma tangu wiki ya kwanza. Kambi ni kumpa mtoto mahali pa kuweka mguu.

## Songea hadi Muhukuru

Tuliondoka asubuhi ya ukungu, ule ukungu wa Songea unaofanya milima ionekane kama imechorwa na mtu aliyeishiwa wino. Nilisafiri na Mwalimu Saidi. Saidi ni Myao wa Tunduru. Tulifundisha shule moja kule kwao kwa miaka mingi, mimi nikiwa Mngoni pekee katika ofisi ya walimu, na kwa kuwa Wangoni na Wayao ni watani, hakuna siku niliyopita salama.

Nieleze kidogo kwa mgeni wa mambo haya. Watani ni watu wa makabila mawili ambayo zamani yalipigana, au yalioana, au yote mawili, na sasa wana ruhusa ya kutukanana hadharani. Ukikasirika umeshindwa. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia, kuondoka na kuku wako, hata kulala mbele ya jeneza la baba yako na kukataa kuinuka mpaka abembelezwe. Unacheka huku unalia, na msiba unapungua uzito. Kiyao changu chote nilikipata humo. Wengine hujifunza lugha kwa kuuliza njia. Mimi nilijifunza kwa matusi ya mapenzi.

"Dereva," Saidi aliita kabla hatujafika Likuyufusi, "huyu mama umemsachi? Babu zake hawakuwahi kuvuka mto wakarudi mikono mitupu."

"Wewe mtumwa wangu," nikamjibu, "nimekuleta unibebee begi. Nyamaza ubebe."

"Begi lenyewe limejaa pombe ya ulanzi."

"Si mlimwage basi tunywe!" akasema mama mmoja nyuma, na gari zima likacheka.

Noah yetu ilianza kulia gurudumu la nyuma karibu na Muhukuru, kilio chembamba kama cha mbu. Dereva akasimama, akalala chini ya gari, akatoka na neno moja: beringi. Akamtuma mtu wa bodaboda arudi Songea kutafuta nyingine, nasi tukakaa kando ya barabara kuanzia saa nne hadi jua lilipoanza kulegea. Kulikuwa kumenyesha jana yake, na kumbikumbi walikuwa wakitoka ardhini kwa mamia, wanapanda na mabawa yao kama moshi unaometameta. Mama mmoja alikuja na bakuli, akawaokota, akawakaanga mbele yetu kwa chumvi tu. Tulikula kwa mikono, mafuta yakitiririka. Mara moja moja bawa lililosahaulika lilinasa kwenye mdomo wa mtu, na hakuna aliyeona haraka ya kumwambia.

## Mtoni

Ruvuma pale Mkenda, mpakani, ni mpana kuliko unavyodhani ukiangalia ramani, na mnamo Desemba maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Tulivuka daraja kwa miguu. Katikati nilisimama, nikatazama chini. Maji yalikwenda bila sauti. Nikahisi kwamba si maji yanayokwenda bali daraja, na mimi juu yake, polepole, kuelekea Tunduru.

"Twende, unatafuta ng'ombe wa kuiba?" Saidi akaniita.

Kule ng'ambo saa ya simu yangu ilirudi nyuma yenyewe. Wenzetu wako saa moja nyuma yetu. Saa ileile niliyokuwa nimeitumia kukaa kwenye kivuli cha Muhukuru nikapewa tena. Niliitumia kulala. Nililala juu ya magunia ya maharage ndani ya lori lililokubali kutubeba, turubai likipigapiga juu yangu, na kila nilipofumbua macho niliona msitu wa miombo uleule, majani yale mabichi ya masika, kana kwamba lori limesimama na msitu ndio unaozungushwa.

## Lichinga na mbele yake

Lichinga iko juu, kuna baridi, na misonobari imepandwa mpaka upeo wa macho. Tulifika tukitetemeka. Lusia alitupokea kwa mikate moto na chai ya majani mengi, akatuambia gari la kwenda kijijini linaondoka saa nane.

Sasa oneni jinsi watu wawili wenye vyeti vya ualimu wanavyoweza kuwa wajinga. Lusia alikuwa amelala saa ngapi sijui kwa maandalizi, akasema saa kama wanavyohesabu kwao, yaani saa mbili yetu ya asubuhi. Sisi tukaenda sokoni tukitembea kwa raha, tukitafuta chaki za rangi, tukarudi mchana tumevaa na tumechana nywele. Gari lilikuwa limeondoka tangu asubuhi, na Lusia ndani yake, akidhani tumepanda nyuma.

Tulifika kesho yake. Kijiji chenyewe, mashariki ya mji, sitakitaja jina kwa ajili ya watu nitakaowataja. Kambi ilikuwa ndani ya ghala tupu la mahindi lenye paa la bati. Watoto walikuwa thelathini, na mimi nilipewa kumi na wawili. Mvua iliponyesha juu ya bati hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Basi tulifundishana kwa midomo na mikono, tunafumbua na kufumba kama samaki, na ilipokatika ghafla, tulijikuta tunapaza sauti neno moja, wote pamoja, katikati ya ukimya. Tulicheka mpaka tukasahau lilikuwa neno gani.

Asubuhi ya kwanza ya kambi nilimwuliza kila mtoto: ungependa kusema nini kwa Kiingereza, kabla ya vingine vyote? Wengi walitaka majina yao na umri wao. Mmoja alitaka jina la timu yake ya mpira. Binti wa miaka kumi na minne, mwembamba, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alifikiri kwanza.

"Mimi nataka kujua kusema 'sijamaliza'," alisema.

"Kwa nini hilo?"

"Shuleni nikianza kujibu, mwalimu anampa mwingine."

Huyo alikuwa Ancha. Kufikia mchana alikuwa amelisema neno lake mara ishirini, mara nyingine pasipohitajika.

Lusia aliniambia habari zake wakati tunaosha vyombo. Masista wa mjini wana bweni la wasichana wa sekondari, wa dini zote. Kila mwaka wanapokea wasichana wawili kutoka kambi hii, mara tu kambi inapokwisha, ili wazoee mji kabla ya shule kufunguliwa. Kijijini hapo sekondari hakuna. Sharti la masista ni moja: binti awe amehudhuria angalau siku sita kati ya kumi, na mzazi akubali.

"Mmoja tumeshampata," Lusia akasema. "Wa pili namtaka Ancha. Asipopata hii, mwakani atakuwa ameolewa au yuko shambani moja kwa moja."

## Maneno niliyoyasema mara mbili

Jioni ya siku hiyohiyo wazazi walikuja kutusalimu. Aliyewaongoza alikuwa baba yake Ancha, Bwana Asani, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia nyeupe iliyofuliwa vizuri. Alitukaribisha kwa Kiyao, akauliza habari za njia, za nyumbani, za mvua ya kwetu. Kisha akaniuliza mimi ni mtu wa kabila gani.

"Mngoni," nikasema. "Wa Songea."

"Ah, Wangoni," akasema. "Tumewasikia."

Kule Tunduru mtu akikuambia hivyo, amekufungulia mlango na anasubiri uingie. Nikaingia. Kwa Kiyao changu bora kabisa, nikamwambia, "Kama mmetusikia, mbona mmekaa? Ninyi watumwa wetu, leteni maji tunawe!"

Saidi peke yake ndiye aliyecheka. Nikadhani hawakunisikia vizuri, kwa kuwa wengine walikuwa mbali. Basi nikalirudia, kwa sauti ya darasani.

Bwana Asani alinitazama. Akamgeukia mkewe, akasema neno dogo, na yule mama akaenda, akarudi na beseni na birika la maji. Akaninawisha mikono. Maji yalikuwa baridi. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa bado natabasamu.

Siku ya pili kitambaa cha kijani hakikuwepo darasani.

Siku ya tatu pia. Lusia alipokuja kuniambia, alikuwa ameshazungumza na watu. "Mama, huku hakuna utani huo. Labda kule mpakani, huku hapana. Umemwita mtu mzima mtumwa kijijini kwake, mbele ya mkewe. Amesema mwanawe hafundishwi na mtu wa namna hiyo."

"Si ungeniambia mapema?"

"Ningejuaje kwamba utamtukana?"

Nilimwita Saidi. Alisikitika, lakini si sana. "Hii ndogo," akasema. "Mimi ni Myao mwenzao. Nitawaelewesha." Tukaenda siku hiyohiyo, baada ya swala ya alasiri; Saidi alikuwa ameswali safu moja na Bwana Asani, kwa hiyo alikuwa na matumaini. Tukakaribishwa mkekani. Saidi akaeleza utani, akaeleza vizuri. Bwana Asani akasikiliza akitikisa kichwa kwa adabu.

"Ngoja nikuonyeshe," Saidi akasema, na akanigeukia. "Wewe Mngoni, mwizi wa ng'ombe, hujaoga tangu vita! Toka mkekani kwa watu, kaa kwenye majivu!"

Nilijua ninapaswa kumjibu, ili onyesho likamilike. Lakini Bwana Asani alikuwa ameshasimama.

"Mwalimu," alimwambia Saidi, taratibu, "huyu mama ni mgeni wangu. Kosa lake analo. Lakini hapa kwangu mwanamume hamtukani mwanamke. Nakuomba utoke."

Tulitoka wote wawili. Njiani Saidi alijaribu kucheka, akashindwa. "Sasa wamebaki na hasira mbili," akasema.

## Siku ya tano

Hesabu yake mnaiona. Ancha alikuwa na siku moja. Akikosa siku ya sita, hata angerudi kesho yake, zisingefika sita. Jioni ya siku ya tano ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

Nilikwenda peke yangu. Njia ya kwao inapita kwenye bonde lenye matete, na jioni ile ukungu ulikuwa umelala humo, unanifika kiunoni. Nilijiona natembea bila miguu. Uyoga ulikuwa umeota kando ya njia, mweupe, mpana kama sahani, na hakuna aliyeuchuma. Nilikuwa nimepanga maneno. Mnanijua, mimi nikiwa na hofu huandaa somo.

Bwana Asani alikuwa anatia mpini kwenye jembe. Mkewe alikuwa anapepeta unga. Ancha alikuwa mlangoni, akanisalimu kwa kupiga magoti. Nilipewa kigoda, nikaanza. Nikaeleza vita vya zamani. Nikaeleza jinsi watu wa kwetu walivyogeuza uadui kuwa mchezo ili wasiendelee kuuana. Nikaeleza msiba, jeneza, kuku. Nilieleza vizuri sana. Kama mkaguzi angekuwepo angenisifu.

Mama Ancha aliweka ungo chini.

"Mwalimu," akasema, "unafundisha vizuri, tunakuelewa. Sasa umekuja kutufundisha, au umekuja kuomba radhi?"

Miaka thelathini ya kazi, na nilikuwa sijui kwamba hayo ni mambo mawili. Nikatoka kwenye kigoda nikakaa chini, miguu nimeikunja kando kama tunavyokaa kwetu mbele ya wakwe, nikasema, "Nimekosa. Nisameheni." Nikanyamaza. Ilikuwa vigumu kunyamaza. Maneno mengine yalikuwa yamejaa kinywani, yote mazuri.

Bwana Asani aligonga mpini mara mbili tatu, akaupima kwa jicho.

"Mama wa bibi yangu alichukuliwa mtoni akiteka maji," akasema. "Alikuwa mkubwa kama huyu Ancha. Waliomchukua walikuwa na ngao. Alirudi mzee, na lugha yetu ilikuwa imemtoka. Bibi yangu alizungumza na mama yake kwa ishara mpaka akafa. Neno lile ulilolisema, wewe kwenu ni mchezo. Hapa nyumbani ni yeye."

Nilitazama chini.

"Ninyi na watu wa Tunduru mlikaa mkapatana," akaendelea. "Vizuri. Lakini sisi nani alitujia akatuuliza?"

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna."

Ungo ulianza tena kupepeta. Mahali fulani mbuzi alilia. Mwanga ulikuwa umegeuka kuwa wa njano, ule unaokuja baada ya mvua, hata vumbi la unga lilionekana likielea.

"Nimekusikia," akasema hatimaye. "Hilo limekwisha. Lakini Ancha asubuhi hawezi kuja. Siyo kwa sababu yako. Mvua imekuja na shamba sijalimaliza, tuko watatu tu. Kambi yenu ni asubuhi. Mahindi nayo ni asubuhi."

Nilimwomba asubiri jibu hadi kesho alfajiri. Nikarudi kwa Lusia karibu nikikimbia. Lusia alikuwa anagawa madaftari. Alinisikiliza, akatoa daftari la mahudhurio, akalitazama.

"Masista wanataka siku sita za kambi," alisema. "Hawakusema kambi iwe ghalani."

## Shambani

Kwa hiyo siku ya sita watoto wangu kumi na wawili, na mimi, na Saidi aliyekuwa amekwenda kuomba radhi yake mwenyewe alfajiri kabla hatujaamka na kurudi na kibali cha mwenye shamba, tulikwenda shambani kwa Bwana Asani. Tulibeba majembe ya kuazima na ubao mdogo. Lusia akatufuata na daftari, akaita majina juu ya matuta. Ancha aliitika kwa sauti iliyofika bondeni.

Siku tano tulifundisha hivyo. Mtu anachimba shimo, anasema kwa Kiingereza amechimba shimo. Wa nyuma yake anadondosha mbegu tatu, anazihesabu kwa Kiingereza. Wa tatu anafukia, anaeleza alichokifanya jana, anachofanya leo, atakachofanya kesho. Nimefundisha nyakati za vitenzi miaka yangu yote nikichora mistari ubaoni. Sikuwahi kuona zikieleweka kama zilivyoeleweka pale, jana ikiwa tuta lililokwisha kupandwa na kesho ikiwa nyasi.

Ukungu ulikuwa unaondoka taratibu kila asubuhi. Mwanzoni nilisikia sauti tu, hapa moja, pale tatu, nne, tano, sauti za watoto nisiowaona wakihesabu kwenye weupe; kisha kichwa, kisha bega, kisha jembe. Ilikuwa kama shamba linawazaa. Saa nne Mama Ancha alileta ugali, wao wanauita shima, pamoja na ule uyoga wa njiani uliopikwa na karanga za kutwanga. Siwezi kuwaeleza ule mchuzi. Nimejaribu kuupika hapa nyumbani mara mbili, na wanangu wamekula kwa huruma.

Malengelenge ya viganja, basi, yametoka huko. Mngoni wa ofisini nilishika jembe kama chaki. Mama Ancha alinitazama siku mbili akajizuia, ya tatu akanishika mikono kutoka nyuma, akanionyesha. "Usilisukume. Liache lianguke lenyewe," akaniambia. Nikajaribu. "Ndiyo. Sasa usieleze, lima tu."

Bwana Asani alilima peke yake upande wa juu. Hakuja kwetu. Lakini nilimwona, siku ya tisa, amesimama akiegemea mpini, anasikiliza binti yake akibishana na mwenzake kwa Kiingereza kuhusu nani ameruka shimo. Hakuelewa hata neno. Alisikiliza mpaka ukaisha.

Siku ya kumi tulimaliza matuta yote isipokuwa mawili ya pembeni, penye mawe. Lusia akafunga daftari, akasema siku zimetimia sita. Akatoa fomu ya masista. Bwana Asani akaitazama muda, akamwuliza mkewe kwa macho, kisha akamwuliza Ancha.

"Unataka?"

"Nataka."

"Kule kuna baridi."

"Najua."

Akaweka sahihi yake, kwa herufi za Kiarabu, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto.

## Kurudi, kupitia Lichinga

Tulirudi mjini kwa gari la mizigo, wote watano: Lusia, Saidi, mimi, Ancha na baba yake; yule msichana wa kwanza alikuwa ametangulia na wazazi wake. Ancha alikuwa na sanduku la bati na godoro lililofungwa kwa kamba. Njia nzima mvua ilituchezea, inakuja inaondoka. Tulijifunika turubai moja, Bwana Asani akashika ncha ya kulia na Saidi ya kushoto, na chini yake palikuwa na mwanga wa bluu, na sote tulikuwa na nyuso za bluu, kama watu walio ndani ya maji. Saidi alifumbua kinywa mara moja kuniambia jambo. Nikaliona linakuja, nalijua lilivyo. Akamtazama mzee, akakifunga.

Kwenye lango la bweni sista mmoja kijana alitoka na mwavuli. Akamsalimu Ancha kwa Kiingereza, akamwuliza yeye ni nani. Ancha alivuta pumzi. Akasema jina lake, jina la baba yake, jina la kijiji chao, na kwamba amekuja kusoma. Sista akachukua upande mmoja wa godoro, Ancha upande wa pili, wakaingia.

"Amesema nini?" Bwana Asani akaniuliza.

Nikamwambia, neno kwa neno.

"Basi?"

"Basi."

"Imekuwa fupi," akasema, akivaa vizuri kofia yake, ambayo haikuwa imekaa vibaya. Alisimama akitazama ule mlango hata baada ya kufungwa. Lusia na Saidi walikuwa wametangulia barabarani kutafuta gari. Mzee alikuwa anarudi kijijini siku hiyohiyo. Yale matuta mawili ya penye mawe yalikuwa yanamngoja.

"Mama Mngoni," aliniambia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa kabila langu. Nikasubiri.

"Utani sitaki," akasema. "Usinitanie mimi wala watu wangu, hata tukizeeka. Lakini salamu nitapokea."

Akanipa namba yake ya simu, akaitaja mara mbili, nami nikaiandika kiganjani kwa sababu karatasi zote zilikuwa zimelowa.

Kila Ijumaa mchana, hapa Songea, wanapotoka msikitini, namtumia ujumbe kwa Kiyao. Imebidi nijifunze upya, maana sikuwa na maneno ya adabu ya kutosha. Saidi ananisahihisha, na hanicheki. Namwuliza habari za nyumbani, za mama, za mahindi, za Ancha. Siongezi kitu. Jibu linakuja jioni, siku zote fupi: kwamba wazima, kwamba mahindi yamefika magotini, kwamba mtoto amepiga simu. Na mwishoni neno moja, peke yake kwenye mstari wake: tumepokea.